Mzazi, ujue mti kabla hujauchemsha: darasa la porini nyanda za juu Kigoma

Nyabibuye ni kata ya mpakani wilayani Kakonko, eneo ambalo kabla ya mwaka 2012 lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kibondo. Ng'ambo ni Burundi. Mvua za kwanza zikishanyesha, Oktoba kwenda Novemba, watoto wa huku wana kazi nyingi porini: kuokota uyoga, kuchuma mboga, kutafuta kuni, na mara nyingine kutumwa dawa. "Kanichumie umubirizi pale nyuma ya nyumba, mdogo wako tumbo linamsokota." Mtoto anakwenda, anarudi na fungu la majani mabichi. Yanapondwa, yanakamuliwa, na mdogo mtu anayanywa huku analia kwa ule uchungu wake.

Wiki hii nataka tumzungumzie huyo mtoto aliyetumwa. Nani alimfundisha kuutambua mti huo? Alifundishwa jina tu, au alifundishwa pia ni sehemu gani ya mti ichukuliwe, kiasi gani, na mgonjwa wa namna gani hafai kupewa kabisa?

Nauliza kwa sababu Kigoma si mahali pa kufanya majaribio na homa ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 24 ya watoto wa umri chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama asilimia 7. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili. Muda unaotumika kutafuta mti, kuuchemsha na kusubiri matokeo, unakatwa kwenye siku hizo hizo.

Msomaji asidhani nimekuja kuitukana miti shamba. Wapo wagonjwa wengi ambao hunipigia kelele wakiona daktari anakunja uso mara tu wakitaja mizizi, na wana haki. Mganga wa dawa asili aliyefundwa vizuri, aliyetembea na babu yake porini miaka kumi, anajua mambo ambayo hayapo kwenye maktaba zetu. Tatizo ni sisi wengine, tuliosikia jina la mti kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, tukaenda kuukata.

Mwalimu wa Mahale

Mfano bora ninaoufahamu wa kujifunza mimea kwa kutembea na kutazama haukutoka mbali. Umetoka kusini mwa mkoa huo huo, kwenye Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa huko tangu mwaka 1965, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mhifadhi wa wanyama ambaye pia alizaliwa katika ukoo wa waganga wa mitishamba. Walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina Chausiku. Siku hiyo Chausiku hakuwa mzima. Alikuwa amelegea, hana hamu ya kula, analala mchana wakati wenzake wanatafuta chakula. Kisha akaenda kwenye kichaka fulani, akavunja vichipukizi, akayaondoa majani, akalichubua ganda kwa meno, akaanza kutafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake.

Huffman hakujua mti ule. Mohamedi aliujua. Akamwambia kwamba kwao Watongwe mti huo unaitwa mjonso, ni mchungu sana, na watu huutumia kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Siku iliyofuata, kufikia alasiri, Chausiku alikuwa amechangamka na anakula kama kawaida. Wawili hao waliandika walichokiona, na makala yao ikachapishwa mwaka 1989 ikiwa na majina yao yote mawili, la mtafiti wa chuo kikuu na la mzee wa porini.

Mjonso wa Watongwe kwa jina la kitaalamu ni Vernonia amygdalina. Ndiyo huo huo ambao Warundi wanauita umubirizi, na ambao mama wa Nyabibuye anamtuma mwanawe akauchume nyuma ya nyumba.

Sasa rudi kwenye kile alichokifanya Chausiku. Aliyatupa majani. Akalitupa ganda. Wanakemia walipoupima mti huo baadaye walikuta kwamba majani na ganda vina kwa wingi kemikali iitwayo venodalini, ambayo ni sumu kali kwa panya wa maabara, wakati kiini cha shina kina kiasi kidogo zaidi na kina kemikali nyingine zinazowasumbua vimelea vya tumboni. Katika uchunguzi mwingine wa sokwe mgonjwa wa Mahale, mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake yalipungua sana ndani ya siku moja baada ya kutafuna kiini hicho.

Nijuavyo mimi, huku kwetu wengi wetu tunakamua majani. Afrika Magharibi nao wanayala majani ya mti huu kama mboga, lakini wapishi wa Nigeria na Kamerun huyafikicha, huyaosha na huyachemsha mara kadhaa wakimwaga maji mpaka uchungu mwingi utoke. Mtoto wa miaka miwili anapopewa kikombe cha majani mabichi yaliyokamuliwa, hapati walichokitafuna sokwe wa Mahale wala wanachokula watu wa Lagos.

Kuna kisa kingine cha ukoo huo wa Mohamedi ambacho Huffman amekisimulia mara nyingi. Babu yake Mohamedi alimwona nungunungu mgonjwa, anaharisha damu, akichimba na kula mizizi ya mmea unaoitwa mulengelele. Wanakijiji waliuogopa mmea huo kwa kuwa waliujua kuwa ni sumu. Nungunungu akapona. Mzee akaonja mwenyewe kidogo kidogo mbele ya watu kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, na tangu hapo Watongwe wameutumia mzizi huo kwa kuharisha damu. Angalia mpangilio: alitazama kwanza, akajionjea yeye mtu mzima, kidogo, mbele ya mashahidi. Hakuanza na mtoto.

Macho, pua na vidole

Wazee waliofundisha vizuri hawakufundisha majina kwanza. Walimtanguliza mtoto njiani, wakamwambia ashike jani, alivunje, alinuse, aangalie linavyokaa kwenye tawi. Wataalamu wa mimea vyuoni hufanya vile vile, isipokuwa wao wanaandika.

Chukua mwarobaini, dawa maarufu kuliko zote nchini. Kuna mti mwingine unaopandwa sana kwenye mashule na kando ya barabara, mmelia, ambao watu wengi wanauita mwarobaini pia. Ni ndugu wa karibu. Mwarobaini wa kweli hupenda joto la nyanda za chini, kwa hiyo ukiwa kwenye miinuko na ukaonyeshwa "mwarobaini" uliostawi sana, tazama mara mbili. Jani la mwarobaini ni kijiti kimoja chenye vijani vilivyopangwa huku na huku kama unyoya. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili: kijiti kikubwa kina vijiti vidogo, na vijiti vidogo ndivyo vyenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia, yale ya manjano yanayobaki mtini hata majani yakipukutika, yana sumu inayoathiri tumbo na mfumo wa fahamu. Watoto huyachezea.

Na hata mwarobaini wenyewe una mpaka wake. Miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa mdomo wakapata kutapika, usingizi mzito, degedege, na wengine kufa. Mafuta hayo hayafai kumnywesha mtoto.

Pua nayo inafundisha. Mmea wenye shina la pembe nne, majani yanayokabiliana mawili mawili, na harufu kali ukiufikicha, mara nyingi ni wa ukoo wa mnanaa: humo wamo kivumbasi, mrehani, na ule ambao Warundi na Wanyarwanda huuita umuravumba, unaotumika sana kwa kikohozi na tumbo. Mtoto akizielewa alama hizo tatu ana ufunguo wa mimea mingi kwa mara moja.

Utomvu ni somo la hatari. Ukikata tawi likatoka maji meupe kama maziwa, uwe na tahadhari. Minyaa tuliyoizungushia nyua zetu ni mfano unaojulikana na kila mtu: tone moja la utomvu likiingia jichoni linaunguza, na jicho linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Hapa nisimame kidogo kwa sababu macho ya watoto yananiuma. Madaktari wa macho nchini wameeleza tangu miaka ya 1990 jinsi dawa za kienyeji zinazodondoshewa jichoni zinavyochangia vidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Jicho jekundu linalotoa matongotongo siku ya kwanza linatibika kwa dawa ya bei nafuu. Hakuna jani, mkojo, wala maziwa ya mti yanayopaswa kuingia jicho la mtoto, awe amekushauri nani.

Rangi ya utomvu pia imewapotosha watu wengi. Kuna mti ambao Warundi wanauita umushayishayi, utomvu wake ni wa rangi ya chungwa iliyoiva. Katika nchi nyingi za Afrika watu wameutumia kutibu ugonjwa wa manjano, na ni rahisi kuona kwa nini: rangi inafanana na ugonjwa. Lakini kufanana rangi hakumwambii mzazi ni kitu gani kimeharibika mwilini. Mtoto mchanga akiwa wa manjano siku ya kwanza ya kuzaliwa, au manjano ikifika mpaka kwenye viganja na nyayo, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa manjano ikizidi inaharibu ubongo.

Kuchemsha au kutokuchemsha

Kuutambua mti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maandalizi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoponyokwa.

Dawa mseto tunayopewa zahanati kwa malaria, ALu, iliyoanza kutumika nchini kama dawa ya kwanza mwaka 2006, asili yake ni mmea wa Kichina uitwao Artemisia annua. Mtafiti Tu Youyou aliupata kwa kusoma maandiko ya kale ya tiba ya nchi yake. Mwanzoni kazi yake haikuzaa matokeo ya kuaminika. Baadaye aligundua kwamba maandiko yalisema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, hayakutaja kuuchemsha. Joto lilikuwa linaharibu dawa. Alipobadili njia akatumia joto la chini, dawa ikapatikana, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wapo wanaouza chai ya artemisia leo wakitumia jina la mama huyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa kutibu wala kuzuia malaria. Kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na kiasi kidogo kisichoua vimelea vyote huwafundisha vimelea kuizoea dawa. Kidonge cha ALu kina kipimo kilicho sawa kila mara: mara mbili kwa siku, siku tatu, na kimeze na chakula chenye mafuta kidogo. Nikipata malaria mimi, nachagua kidonge.

Wazee wenye ujuzi wanajua kwamba mti hubadilika. Mzizi uliochimbwa kiangazi hauna nguvu sawa na uliochimbwa masika. Jani changa si sawa na jani lililokomaa. Mti wa bondeni si sawa na wa kwenye mawe. Mganga mzoefu hulifidia jambo hilo kwa kuonja na kwa kumtazama mgonjwa. Mzazi aliyeambiwa tu "chemsha majani saba" hana namna ya kulifidia. Na mtoto wa kilo 9 si nusu ya mtu mzima. Ni chini ya moja ya sita ya mtu wa kilo 60, na ini lake bado changa.

Ini lenyewe linaweza kuharibiwa kimya kimya. Baadhi ya aina za marejea, mimea ya maua ya manjano ambayo wakulima wanaijua kwa kurutubisha ardhi, zina sumu inayoziba mishipa midogo ya ini. Mtoto anayenyweshwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa haonyeshi dalili mwanzoni, kisha tumbo linavimba maji. Kwa hiyo ule usemi wa "nimempa mwezi mzima na hakudhurika" haunipi faraja.

Uyoga wa miombo

Miombo ya Kigoma ni ghala la uyoga. Miti hii hushirikiana na uyoga ardhini: nyuzi za uyoga huzunguka mizizi na kuipatia maji na madini, nao mti huzipatia sukari. Ndiyo maana uyoga fulani huota chini ya miti fulani tu, na mti ukikatwa kuwa mkaa, uyoga wake unaondoka nao. Mwaka 2003 watafiti wa Finland, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya walichokijua kuhusu ulaji wake walifundishwa na wanavijiji.

Wazazi huniuliza kipimo cha kutambua uyoga wa sumu. Wengine wanachemsha na kitunguu wakitazama kama kitabadilika rangi, wengine wanatumia kijiko cha fedha, wengine wanasema ulioliwa na wadudu ni salama. Vipimo hivyo vyote havina ukweli. Njia ni moja tu, ya zamani: ule aina unayoijua kabisa, uliyofundishwa na mtu aliyeila miaka mingi katika msitu huo huo. Maneno "katika msitu huo huo" yana maana yake. Watu waliohama, na mkoa huu umepokea wakimbizi wengi katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, wanaweza kuona uyoga unaofanana na wa kwao wakaupika kwa imani kamili.

Uyoga unaoumiza tumbo mara nyingi hufanya hivyo ndani ya saa moja hadi tatu. Kuna mmoja mkubwa, mweupe, wa umbo la mwavuli, unaoota kwenye nyasi na mashamba, ambao ukikomaa mistari yake ya chini inakuwa ya kijani, unatapisha vibaya. Lakini unaoua huchelewa. Mtu anakula jioni, usiku analala vizuri, kutapika na kuharisha kunaanza baada ya saa sita au zaidi, hata kesho yake. Kisha anapata nafuu, watu wanashukuru Mungu. Siku ya tatu ini limeshindwa. Mtoto aliyeanza kuumwa saa nyingi baada ya kula uyoga abaki hospitali hata kama anaonekana amepona.

Mbegu nzuri, na ua la tarumbeta

Kabla ya kumfundisha mtoto mimea kumi ya dawa, mfundishe minne ya sumu iliyo njiani kwake.

Mtipitipi, wenye mbegu nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, unatungwa shanga. Mbegu ikimezwa nzima mara nyingi hupita, ikitafunwa inaweza kuua. Mbarika, au mnyonyo, una mbegu zenye madoadoa kama kupe aliyeshiba. Nazo ni hivyo hivyo. Mbono wa kwenye nyua una mbegu tamu kama karanga, na watoto wanazila kwa makundi wakitoka shule. Kinachofuata ni kutapika na kuharisha kwa wote. Wa nne ni mnanaha, wenye ua la tarumbeta na tunda la miiba, unaoota jalalani na katikati ya mazao. Anayeula anakauka mdomo, macho yanakuwa na mboni kubwa, uso unakuwa mwekundu, anaongea na watu wasiokuwepo. Ni rahisi sana kusema karogwa, na wakati huo moyo unaenda mbio.

Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada ulikutwa na sumu ya jamii hiyo ya mimea, iliyoingia pamoja na mazao. Mamia ya watu waliugua na angalau watano walifariki. Ikiwa kiwanda chenye mashine kinaweza kupitisha mbegu hizo, mama anayepepeta soya au mtama jioni akiwa amechoka anaweza pia.

Wasiofaa kujaribiwa

Mama mjamzito ni wa kwanza. Dawa za kuongeza uchungu zinazotolewa kijijini nyingine zina nguvu kweli, na hilo ndilo tatizo: hakuna anayejua ni nguvu kiasi gani, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Wakunga wa hospitali wanaitumia dawa ya uchungu kwa matone yanayohesabiwa. Mama akifika amekwisha kunywa kitu, amwambie mkunga. Nawaomba wakunga nao wasimfokee, maana akifokewa leo, kesho shemeji yake atanyamaza.

Wanaofuata ni walio kwenye dawa za kila siku: ARV, kifua kikuu, presha, kisukari, kifafa. Mshubiri unaoharisha, kwa mfano, hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na mgonjwa anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza anapoteza madini hayo hayo. Moyo unaweza kupiga vibaya. Mwaka 2011 wakati nchi nzima ilipoelekea Samunge, Loliondo, wapo wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kunywa kikombe. Kama unataka kutumia mti, sema kwa daktari unautumia, na dawa zako usiziache.

Kwa anayetaka kwenda kwa mganga wa tiba asili, sheria ipo: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Baraza lake. Mganga anapaswa kusajiliwa. Muulize cheti kama unavyomuuliza fundi umeme. Muulize pia swali hili, ambalo halina haja ya cheti: "Babu, ni mgonjwa gani ambaye wewe humpi dawa hii?" Akikujibu kwamba inafaa kwa kila mtu na kila ugonjwa, msalimie kwa heshima uondoke.

Daftari, na gazeti hili

Mzazi anayetaka mwanawe ajue mimea hana haja ya chuo. Bibi yupo, mwalimu wa sayansi yupo, na pori lipo. Kinachokosekana ni kumbukumbu.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, lipe kazi. Wataalamu wa mimea duniani kote wanakausha sampuli zao ndani ya magazeti ya zamani, kwa sababu karatasi hii inafyonza maji. Chukua tawi lenye majani na ua au tunda; jani peke yake halitoshi. Lilaze ndani ya gazeti, jani moja ligeuzwe mgongo uonekane, weka ubao na mawe juu, na kila siku badilisha karatasi mpaka likauke. Andika pembeni tarehe, mahali, jina kwa Kiha, aliyekuonyesha, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi, harufu, rangi ya utomvu. Andika unatumiwaje na sehemu gani. Sampuli ya namna hiyo inaweza kutambuliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au na Taasisi ya Dawa Asilia ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Picha ya simu inasaidia, lakini programu za simu za kutambua mimea zimefunzwa zaidi kwa mimea ya Ulaya na Marekani, na zitakupa jibu hata zisipojua.

Kanuni ya kuchuma nayo ifundishwe siku ya kwanza. Ganda lisichunwe kuuzunguka mti wote, kwa sababu mti utakufa. Lichukuliwe upande mmoja, ukanda mwembamba. Mti ambao Warundi wanauita umuremera, ganda lake linauzwa nje kwa dawa ya tezi dume, na ulichunwa ovyo Afrika nzima hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995. Na mtoto asionje chochote. Kuonja ni kwa mwalimu.

Mtoto akishakula au kunywa mmea usioujua, au dawa ikimzidi: usimtapishe kwa kidole, usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yataua sumu, na kama amelegea au ana degedege usiweke kitu chochote mdomoni, kinaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize kituo cha afya. Hali kadhalika mtoto mwenye homa asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au asiyejitambua, asingoje chungu kichemke. Tazama saa, ukumbuke alikula lini. Kata tawi la mmea huo lenye majani na tunda, au chukua mabaki ya uyoga, funga kwenye karatasi na siyo mfuko wa plastiki, maana huoza haraka humo, na umkabidhi muuguzi pamoja na mtoto.